Mkono Wangu Ulionyesha Barabara

Nimekosa mimi. Hakuna aliyenisukuma, hakuna aliyenilazimisha, na shetani sitamtwisha mzigo huu ili mimi nibaki safi. Nilikosa nikiwa na akili timamu, mchana kweupe, nimevaa kitenge kilichopigwa pasi, nimesimama kwenye geti nililolipaka rangi kwa mikono yangu mwenyewe.

Ndugu unayesoma, nisikilize kama ambavyo ungemsikiliza jirani aliyeingia kwako akakaa jikoni bila kusubiri kukaribishwa. Sitafuti huruma. Nataka mtu mmoja zaidi ajue.

Mimi ni mtu wa tarehe. Nilijifunza kusoma nikiwa tayari mama wa watoto wakubwa, na anayejifunza kwa kuchelewa hushika kila kitu kwa nguvu, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Siku aliyofariki mume wangu naijua. Siku niliyokaa kwenye dawati kwa mara ya kwanza, nimezungukwa na vijana wa umri wa kuwazaa, naijua. Siku niliyopokea cheti cha kidato cha nne naijua mpaka hali yake ya hewa: ukungu ulikuwa umefunika milima yote ya Umatengo. Tarehe za habari hii nazo ninazo zote. Lakini sitaziandika, maana mji wetu wa Mbinga ni mdogo, na aliyeniruhusu kuandika aliniomba baba yake asitambulike. Majina nitakayoyataja siyo yao.

Nilikuwa mwenyekiti wa kikundi kinachotunza wanyama waliotupwa. Kituo chetu kipo pembezoni mwa mji, kandokando ya barabara iendayo Kitai. Tulipokea mbwa waliogongwa na malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka. Tulipokea mbwa walioachwa na wavuvi waliohama kambi kule ziwani. Tulipokea paka waliofungwa ndani ya viroba na kutupwa mtoni, na wakati mmoja punda ambaye mgongo wake ulikuwa umeoza kwa kubebeshwa mizigo.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Maji huchotwa mbali. Vizimba huoshwa asubuhi na jioni. Kuna upele, kuna kupe, kuna mnyama anayekung'ata kwa sababu wewe ndiye binadamu wa kwanza kumgusa bila fimbo. Lakini kilichonichosha zaidi yalikuwa maneno ya watu.

"Mama wa mbwa huyo anapita!" wanawake wa sokoni walikuwa wakisema, tena kwa sauti ili nisikie. "Mwenzetu amefiwa na mume, kaolewa na mbwa!"

"Angalau hawa hawarudi nyumbani wamelewa," nilikuwa nikiwajibu.

Walicheka, nami nilicheka. Lakini iliniuma! Nilikwenda nyumbani nikiwa nimekaza shingo. Nikaapa kwamba kituo changu kitakuwa safi kuliko nyumba zao, na kwamba siku moja wakubwa watakuja kukitazama huku wao wakichungulia nje ya uzio.

Kiburi changu kilianzia hapo. Nakitaja mapema ili usije ukanihurumia mahali pasipostahili.

Sasa nikueleze habari za Mzee Osmundi.

Alikuwa mlinzi wa shamba la kahawa, upande wa pili wa bonde. Kwao ni Chiwanda, kule mwisho wa ziwa karibu na Msumbiji. Mimi pia ni mzaliwa wa mwambao, nikaolewa huku milimani, kwa hiyo kila tulipokutana tulikumbushana samaki. Masikio yake yalikufa taratibu uzeeni mpaka yakazima kabisa. Kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe, alizungumza kwa sauti kubwa mno. Akikusalimia sokoni, soko zima linageuka.

Masikio yake yalikuwa ni mbwa wake. Mbwa wa kahawia mwenye kifua cheupe, jina lake Watasema. Mtu akija shambani, Watasema alimgusa mzee gotini kwa pua. Njiani, mbwa huyo alitembea upande wa magari, na lori likisikika alimsukuma mzee mguuni mpaka atoke barabarani. Niliwahi kuliona jambo hilo kwa macho yangu, nikasimama kabisa kulitazama.

Mzee alipata ngiri. Hospitali ya misheni ikampangia siku ya kupasuliwa, naye hakuwa na mtu wa kumwachia mbwa. Binti yake pekee, Winfrida, ameolewa Chiwanda. Basi akaja kwetu.

"Mama mwenyekiti!" alipaza sauti getini, mbwa wote wakaanza kubweka. "Nakuachia masikio yangu! Usije ukayakaanga!"

Betram, mhudumu wetu, mtu mzima aliyekuwa mpasua mbao kabla ya kuja kwetu, alicheka mpaka akaweka ndoo chini.

Mimi niliweka kiganja kifuani, kisha nikakielekeza kwa yule mbwa. Ndiyo lugha niliyozungumza na mzee, lugha ya mkono. Maana yake ilikuwa: huyu ni wangu mpaka urudi. Alinielewa. Aliniamini. Alipiga makofi mawili, Watasema akamjia, mzee akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamwambia kwa sauti iliyosikika barabarani, "Nisubiri, baba. Usinipe aibu kwa watu."

Nilimtunza vizuri. Hilo nalisema bila haya. Alikula, alinenepa, alilala getini akitazama njia.

Kisha tukaletewa habari kwamba Jumatatu tutapata ugeni. Wangekuja watu wa halmashauri na watu wa kanisa, waone kama kituo kinastahili kupewa eneo kubwa zaidi. Furaha niliyoipata! Nilishona hata sare za wanakikundi.

Jumamosi tulikuwa na vichwa vya kambale vilivyotoka ziwani, vya kuwapikia mbwa. Mimi ni mtoto wa ziwa. Najua kwamba kambale ana miiba miwili kando ya kichwa, migumu kama misumari, yenye meno kama msumeno. Ni mimi niliyeweka sheria kituoni kwamba miiba hiyo ikatwe kwa panga kwanza, kisha vichwa vichemshwe mpaka mfupa uvunjike kwa vidole. Siku ile Betram alikuwa amekata vichache tu nilipomwita aje kupaka chokaa ukutani.

"Mama, hivi bado vina miiba," alisema. "Na vya chunguni havijaiva."

"Epua, wape hivyo hivyo. Nataka jiko hilo lichemshe maji ya deki. Wageni hawaji kula kambale."

Aliepua. Kwa nini asiepue? Nilikuwa mwenyekiti.

Jumapili nilitoka misa ya kwanza nikapitia kituoni. Watasema alikuwa amesimama pembeni mwa kizimba, mdomo wazi, taya limening'inia, mate yanamtiririka mpaka kwenye kile kifua cheupe. Alijaribu kubweka, ikatoka sauti ya kukwaruza. Maji alikuwa hanywi. Mara kwa mara aliinua mguu wa mbele na kujikuna mdomoni, tena na tena.

Nami nilikuwa na cheti! Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya kichaa cha mbwa, nikakaa kiti cha mbele, nikajibu maswali kuliko vijana wote. Cheti kiko kwenye fremu sebuleni kwangu, karibu na picha ya marehemu. Mate, taya kulegea, sauti kubadilika, kushindwa kumeza. Nilizitaja dalili zile kwa sauti, nikimhesabia Betram kwenye vidole kama mwalimu.

"Au amekwamwa na kitu, Mama?" Betram aliuliza. "Mbona anajikuna?"

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapokosa usingizi. Nilijua! Utotoni kwetu mbwa wa mwambao hukwamwa na miiba kila msimu. Nilimwona mama yangu, si mara moja, akimbana mbwa magotini, akimwekea kijiti katikati ya meno na kumtoa mwiba kwa vidole. Ule mguu unaojikuna mdomoni niliutambua mara moja. Picha ya mama ilinijia nikiwa nimesimama palepale. Nikaifukuza, kwa sababu ilikuwa picha ya kijijini, na mimi nilikuwa mtu mwenye cheti.

Ni kweli kwamba mbwa mwenye dalili zile hapaswi kuguswa na mtu yeyote. Hilo sikulikosea. Nilimpigia simu afisa mifugo, akaniambia yuko Mkumbi kwenye chanjo, ana siku mbili.

"Mtenge peke yake, Mama," alisema. "Msimguse. Msimfanye lolote. Ninakuja Jumanne nimtazame."

Maneno mepesi kabisa. Mtenge, subiri. Lakini Jumanne ilikuwa baada ya Jumatatu! Niliwaona wageni wakipita mbele ya kizimba kile. Niliona wakirudi nyuma wameshika pua. Niliwasikia wanawake wa sokoni: si tulisema? Mama wa mbwa ametuletea kichaa!

Nikamwita mwenye duka la dawa za mifugo, mtu tunayeabudu naye.

"Afisa amemwona?" aliuliza.

"Nimemwona mimi."

"Mwenyewe ana habari?"

"Mwenyewe yuko hospitali. Je, unataka mtoto wa mtu ang'atwe hapa, jina lako litajwe?"

Hakuuliza tena. Tulikuwa na fimbo ndefu yenye kitanzi cha kamba, ya kumshikia mbwa kwa mbali. Watasema hakupigana. Alikuja mwenyewe kwenye kitanzi, ameinua kichwa, mdomo wazi vilevile. Leo naamini alidhani tunakuja kumsaidia. Mwenye duka akamchoma sindano ya kumuua.

Betram hakutazama. Alichimba shimo, tukamfukia kabla ya mchana.

Jumatatu wageni walikuja. Vizimba viling'aa. Walinipigia makofi, mmoja akasema hajawahi kuona usafi wa namna ile. Nilisimama wima katika sare yangu, nikajisikia mrefu kuliko milima.

Jumanne afisa mifugo alikuja. Sikumwona akikasirika, na afadhali angekasirika. Alivaa glavu, akaziba pua na mdomo, akaomba mzoga ufukuliwe ili achukue kichwa kwa ajili ya maabara, maana ndivyo inavyotakiwa. Akaufungua mdomo wa mbwa, akauchungulia. Kisha akaomba koleo yake ndogo. Akavuta kitu kilichokuwa kimekwama kutoka jino la upande huu mpaka jino la upande ule, juu kabisa kwenye kaakaa.

Ulikuwa mwiba wa kambale, mzima, wenye meno yake yote.

"Tusubiri majibu ya maabara," alisema, lakini alisema kama mtu anayenifichia aibu. Majibu yalipokuja, hapakuwa na kichaa. Vilivyosalia vya mwili alikuwa amevichoma moto siku ileile.

Nikanyamaza. Nilimwambia Betram naye anyamaze mpaka mzee arudi, nitamweleza mwenyewe. Na kweli nilikusudia! Niliyapanga maneno. Maneno ya mkono, maana yeye hakusikia. Namna ya kuonyesha mwiba. Namna ya kuonyesha kifo. Namna ya kuonyesha kwamba ni mimi.

Alhamisi alikuja. Amekonda, anatembea ameshika tumbo, shati linamning'inia. Mfukoni alikuwa na pande la ugali na kipande cha nyama, amevifunga kwenye karatasi. Alikuwa amembakizia mbwa chakula chake cha hospitali.

Alisimama getini, akapiga makofi mawili.

Mbwa wote walibweka. Akachungulia. Akapiga tena. Akanitazama mimi, uso wote unacheka.

"Mama mwenyekiti! Yuko wapi huyo mtu wangu? Amenenepa mpaka hawezi kuinuka?"

Betram alikuwa nyuma yangu. Barabarani walikuwa wanapita wanawake wawili wa sokoni na mizigo yao. Walisimama kusikiliza, kwa sababu sauti ya mzee ilimsimamisha kila mtu. Wakanitazama.

Niliinua mkono. Nilikuwa nimeupanga uende kifuani, Mungu wangu ni shahidi! Ukaenda pembeni. Ukanyooka. Ukaonyesha barabara.

Amekwenda. Ametoroka. Kule.

Sikutamka neno hata moja. Ninaowafahamu wengi hudanganya kwa ulimi. Mimi nilidanganya kwa mkono, kwa mtu ambaye mkono wangu ndio lugha pekee aliyoielewa.

Uso wake ulibadilika, lakini haukukata tamaa. Alitazama nilikoonyesha. "Kumbe amenifuata hospitali!" alisema. "Mpumbavu huyu. Amenifuata!" Akacheka, akafuta macho, akageuka, akashika njia ya Kitai. Ule ugali aliurudisha mfukoni.

"Mama," Betram alinong'ona, "mwite."

"Atachoka, atarudi."

Hakuchoka! Kila siku baada ya zamu yake aliingia barabarani. Mwanzo aliishia madaraja ya karibu, kisha vijiji vya mbele. Alimsimamisha kila mtu: wachoma mahindi, waendesha bodaboda, madereva wa makaa ya mawe waliokuwa wakibadilisha tairi. Alijipiga kifuani kuonyesha ule weupe, akapaza sauti, "Wa kahawia! Jina lake Watasema! Ukimwona, mpeleke kwa Mama mwenyekiti!"

Betram alinifuata stoo siku moja nikipima dona. "Mama, yule mzee anatembea na tumbo lililoshonwa juzi. Mwambie. Kama huwezi, nitamwambia mimi."

"Ukimwambia, utaeleza pia nani aliepua chungu."

Nilimwambia hivyo! Mtu aliyenitii, nikamgeuzia utii wake kuwa kamba ya shingo. Akageuka, akatoka.

Nilikutana na mzee kwa mara ya mwisho sokoni, Jumamosi. Alinijia mbio, amefurahi. Kuna dereva amemwambia ameona mbwa mwenye kifua cheupe huko mbele, karibu na njia ya mgodi. Alinishika mikono yangu yote miwili. "Kesho nakwenda kumchukua! Uniombee!"

Mikono yangu ilikuwa ndani ya mikono yake. Ningeweza kuitumia. Niliitikia kwa kichwa.

Jumapili hiyo ukungu ulikuwa mzito. Lori lilikuwa linateremka na mzigo. Mzee alikuwa upande wa ndani wa kona, anapiga makofi mawili, anasikiliza kwa macho, anapiga tena. Dereva alipiga honi. Watu wa nyumba za jirani wote walithibitisha kwamba alipiga honi, akapiga, akapiga, lori lisiloweza kusimama likija lenyewe na kelele zake zote. Hakuna aliyemgusa mzee mguuni.

Dereva yule alilia kama mtoto, waliniambia. Na kosa halikuwa lake.

Mwili ulipelekwa kwao Chiwanda. Nilikwenda. Si kwenda tu, nilipewa kiti cha mbele kama mlezi wa marehemu! Winfrida alinikumbatia, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, akaniambia mbele ya ukoo wake, "Asante, Mama. Baba alikuwa akitusimulia jinsi ulivyomtunzia mbwa wake. Akirudi Watasema, tafadhali nitumie ujumbe. Nataka aje akae hapa."

Nikasema ndiyo. Sauti yangu ilitoka safi kabisa.

Tangu siku hiyo sina amani, na usidhani ni ndoto ninazozungumzia. Ni vitu vya mchana. Kanisani watu wakipiga makofi wakati wa utukufu, mimi hushika kiti. Msafiri akiniuliza njia, siwezi kuinua mkono kumwonyesha. Humtembeza mwenyewe mpaka anakokwenda, watu wananiona mama mwema.

Na wakaanza kuniletea mbwa.

Hilo ndilo lililonivunja. Mzee alikuwa amewaomba watu wengi mno, na watu wa barabara ile hawakumsahau. Wa kwanza alikuja mwendesha bodaboda, mbwa amefungwa kwenye kikapu. Kisha mama mchoma mahindi, ametembea na mbwa kwa kamba mchana kutwa. Wote wa kahawia, wote wana weupe kidogo kifuani. Halafu siku moja lori la makaa ya mawe lilisimama mbele ya geti, dereva akashuka amekumbatia mbwa mchafu mweusi kwa vumbi, akamfuta kifuani kwa kofia yake ili nione.

"Shikamoo, Mama. Yule mzee marehemu alituomba. Mimi nilimwahidi. Ndiye huyu?"

Betram aliweka ndoo chini. "Mama, mimi naacha kazi," alisema mbele ya dereva. "Siwezi tena." Akavua sare, akaitundika kwenye uzio, akaondoka. Hajarudi. Namwomba radhi hapa, na nilishakwenda kumwomba kwake, akanipokea mlangoni bila kunikaribisha ndani. Ni haki yake.

Nilijiuzulu uenyekiti wiki hiyo. Nilisingizia magoti.

Nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza, akaniambia Mungu atanisamehe, lakini kuna mtu mwenye jina anayenisubiri Chiwanda bila kujua ananisubiri. Ilikuwa Novemba, mwezi wa marehemu. Nikapanda gari la kuteremka ziwani.

Nilimkuta Winfrida ufukweni, anageuza usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye chanja.

"Shikamoo, Mama! Karibu! Umempata?"

Jamani! Nilikaa mchangani na kitenge changu. Nilimwambia yote, kuanzia chungu cha kambale mpaka kwenye kiti cha mbele cha msibani. Sikuacha kitu. Hakuniangalia. Aliendelea kugeuza usipa, mstari baada ya mstari, mpaka nilipomaliza.

"Ungemwambia tu, Mama," alisema.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Baba amefuga mbwa tangu kijana. Mamba wamemla mmoja, nyoka kamgonga mwingine, mwingine alikufa kwa uzee tu. Wote aliwazika. Angelia siku hiyo. Angekutukana, tena kwa sauti ya kusikika mpaka Msumbiji. Angesusa kula. Kesho yake angetafuta mtoto wa mbwa, angeanza kumfundisha." Akageuza mstari mwingine wa usipa. "Ya mwiba ni bahati mbaya. Mtu hukosea. Lakini ulimwacha baba yangu akitafuta."

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti.

"Inuka, Mama, watu wanatazama. Msamaha sijui kama ninao. Labda utakuja, labda hautakuja, usiusubiri hapa." Akajipangusa magamba mikononi. "Bado wanaleta mbwa?"

"Wanaleta."

"Basi nenda ukawaambie waache. Baba aliwatuma watu kazi, na hiyo kazi haina mwisho. Nenda kawapumzishe. Mmoja mmoja. Na useme ukweli, usiseme amekufa tu. Jina la baba usiliweke magazetini."

Ndiyo kazi ninayoifanya sasa. Natembea barabara ya Kitai, nyumba kwa nyumba, kibanda kwa kibanda. Nabisha hodi, nasalimia, nasema: yule mbwa mliyeombwa kumtafuta, niliamuru auawe mimi, kabla mzee hajatoka hospitali, na nilimdanganya. Wengine hunitemea mate chini. Wengine hunipa kiti na maji, na hao ndio wanaoniumiza zaidi. Wanawake wa sokoni hawanitanii tena. Nikipita, hunyamaza. Sikujua kwamba siku moja ningeyatamani maneno yao!

Ninyi mnaotunza viumbe vya wengine, wawe mbwa, ng'ombe au watoto, nawasihi. Mkiambiwa subirini, subirini, hata kama mgeni wa heshima yuko mlangoni. Mnyama akiharibika mikononi mwenu, mwenyewe aambiwe siku hiyohiyo anayoonekana getini, kabla hajatia chakula mfukoni kurudi nacho. Mtu hulilia kilichokufa na kuinuka. Ukimwambia kimepotea, umemtia njiani, na hujui njia hiyo inapita wapi.

Madereva ndio wanaonishinda. Leo wako Ngaka, kesho Songea, kesho kutwa sijui wapi, siwezi kuwafikia wote kwa miguu. Ndiyo sababu nimeandika, kwa ruhusa ya Winfrida. Kama wewe ni mmoja wa walioombwa na mzee mwenye sauti kubwa kumwangalizia mbwa wa kahawia mwenye kifua cheupe, na bado unapunguza mwendo kila unapoona mbwa kando ya barabara, ndugu yangu, Mungu akulipe. Usipunguze tena. Alishakufa siku nyingi. Nilimuua mimi.